Sheria ya Gari Tatu pale Runingu

Ninyi vijana wa Kasenga, hapa Uvira, mnaopita mbele ya nyumba yangu na gari zilizoshushwa mpaka zinakwangua barabara, najua mnacheka mkiniona nimeinama kutazama magurudumu yenu kabla sijatazama nyuso zenu. Nimezoea. Maisha yangu yote ya kazi nimetazama gari kuanzia chini. Nilikuwa fundi wa resore zinazobeba gari, amotisa zinazoizuia isirukeruke, usukani na freni, yaani vile vitu vinavyoamua kama gari itakata kona au itaendelea moja kwa moja mpaka ndani ya shamba la watu. Moteri, yaani injini, sikuigusa sana. Moteri ina mafundi wengi na kelele nyingi.

Sasa garaji nimeifunga. Mikono inatetemeka. Kulala chini ya gari bado ninaweza, kuinuka ndiyo kazi. Lakini mlikuja kuniuliza jinsi sisi tulivyokimbiza gari kule Runingu, na kwa nini mchezo wenu unakimbiwa na watu kila Jumapili. Siku ile niliwajibu kwa ufupi kwa kuwa mlikuwa mmesimama mlangoni na funguo mkononi. Kaeni basi. Leo sina pa kwenda.

Mchezo wetu ulikuwa wa kiangazi tu. Pale Runingu, bondeni, kulikuwa na kiwanja kipana cha udongo mgumu ambapo zamani malori yalipakia pamba. Tulipanga mapipa matupu, gari inaingia moja moja, inazunguka mapipa kwa njia iliyopangwa, inasimama kwenye mstari. Mwenye muda mfupi ameshinda. Ukigusa pipa, unaongezewa muda. Hakuna gari mbili kwenye kiwanja kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna wa kugongana naye na hakuna wa kumfukuza. Unayeshindana naye amesimama pembeni chini ya kivuli cha gari yake, anakula karanga, anakutazama. Uko peke yako na mapipa. Mchezo huo una upweke ndani yake tangu mwanzo, ila ukimaliza kuna watu wanakungoja, na ndiyo maana tulikuwa tunarudi.

Aliyetuwekea sheria alikuwa mzee mmoja aliyekuwa amestaafu ukubwa wa shule. Sisi wote tulimwita Prefe, hata mke wake. Alikuja na kofia ya majani, akaleta kronometa ya shuleni ya kupimia muda, na alikuwa anazijua sheria zote kichwani kwa kuwa alizitunga yeye. Mwanzoni hatukuwa nazo. Kila gari ilikimbia na kila gari, na kila Jumapili alishinda mtu mmoja mwenye gari iliyotolewa viti, milango na hata taa, ikabaki moteri na kiti kimoja. Baada ya wiki chache alikuwa anashindana na binamu zake tu. Wengine tulikuwa tumebaki nyumbani.

Ndipo Prefe akagawa gari katika kategori tatu. Ya kwanza ni gari iliyo kama ilivyoshushwa bandarini. Ya tatu aliiita Huru, humo fanya unachotaka. Katikati aliweka ile tuliyoipenda, Kategori ya Kazi. Humo unaruhusiwa kubadili resore, amotisa na mipira, lakini gari lazima Jumatatu iende kazini. Ina viti vyote, ina taa, ina honi, na inafika kiwanjani imebeba watu wanne, ambao wanashuka kabla ya mbio. Mtu asiye na abiria hakimbii.

Sheria hiyo ya abiria ilituletea vituko. Dereva mmoja wa Kalundu alitoa kiti cha nyuma ili gari iwe nyepesi, akatengeneza kingine cha makartoni na kukishonea kitambaa kizuri kuliko cha kweli. Prefe alikizunguka, akakitazama. Akamwita mama mmoja wa kwaya aliyekuwa anapita na kumwomba apumzike kidogo ndani ya gari. Mama alikaa. Tulisikia kiti kikikunjika polepole, na mama akaanza kushuka mbele ya macho yetu mpaka tukabaki tunaona kilemba. Prefe alimsaidia kutoka, akamwomba radhi kwa heshima, kisha akamwonyesha yule dereva upande wa Huru.

Sheria nyingine ndiyo iliyonipa mambo ninayowasimulia. Kategori ikiwa na gari chini ya tatu haikimbizwi. Zilizomo zinapandishwa Huru, zikashindane na yale mafupa yasiyo na milango.

Sisi wa Kazi tulikuwa watatu tu wa kudumu. Wengine walikuja na kuondoka. Wa kwanza mimi, na gari yangu nyeupe, Karina. Wa pili Deo, dereva wa taksi wa hapa Uvira, mtu wa maneno machache aliyekuja kila Jumapili na karanga za kuchemsha ndani ya gazeti. Deo alikuwa wa tatu kila mara na hakuna siku nilimwona amekasirika. Alikimbia, akashuka, akagawa karanga. Wa tatu alikuwa Mama Neema.

Mama Neema alikuwa mjane wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani wa hapa mjini, Waislamu. Aliuza vitenge, akivitafuta Kamanyola, mwisho wa barabara ya bonde, na Korola ya marehemu mume wake aliiendesha mwenyewe akibeba wanawake wenzake wa soko na mizigo yao. Kwa kuwa abiria wake walikuwa wanawake wanaojua kupanga bei, walimshangilia kwa sauti iliyofika barabarani. Aliendesha vizuri. Tatizo lake lilikuwa mimi. Vipindi viwili vya kiangazi nilimshinda, na kila mara kwa kidogo sana, kama muda wa kupepesa jicho. Alishuka kwenye gari, akaniambia, "Papa Riziki, leo tena," akaenda kunywa maji.

Nilimshinda kwa mambo madogo, na hayo ninawapa bure. La kwanza ni chaki. Mwalimu wangu wa kazi, mzee Rajabu, alinifundisha muda mrefu kabla ya mchezo huu kuwepo. Chora mstari wa chaki kwenye mpira, kuanzia pale unapokanyaga udongo mpaka ubavuni kwenye maandishi. Kata kona kwa nguvu, simama, tazama. Chaki ikifutika mpaka kwenye maandishi, upepo ni mdogo, mpira unalala ubavu. Isipofutika hata kwenye ukingo, upepo umezidi, unakanyagia katikati tu. Ninyi mnauliza kila mtu aweke upepo kiasi gani. Ulizeni chaki, inajua uzito wa gari yako kuliko mimi.

La pili ni macho. Gari zetu nyingi zina usukani wa kuume, kwa hiyo pipa la upande wa kushoto hulioni likishakaribia. Usilitafute. Tazama pipa linalofuata, mikono itapita hili yenyewe. La tatu ni vumbi. Gari za kwanza zinafagia vumbi la juu na za mwisho zinapata udongo mgumu. Prefe alilijua hilo, akafanya zamu, aliyetangulia Jumapili hii anafunga mstari Jumapili ijayo. Mtu akikuambia kuwa kwenye mchezo wenu zamu haina maana, huyo ndiye anayekimbia mwisho kila siku.

Na msikate resore ili gari ishuke. Niliwahi kufanya hivyo nikiwa kijana, kwa sababu ilipendeza. Safari ya kwanza ya Kamanyola, na abiria ndani, bomba la moshi lilibaki barabarani na sisi tukaendelea bila habari. Mzee Rajabu aliliokota akirudi, akalileta garaji amelibeba begani, akaliweka juu ya meza yangu ya kazi, akaenda zake nyumbani.

Nirudi kwa Mama Neema. Kiangazi cha tatu alikuja na kunishinda. Hakunishinda kwa kupepesa jicho, alinishinda wazi. Korola yake ilikuwa inazungusha mkia kwenye pipa kama inavutwa kwa kamba. Nilimpongeza kwa moyo. Jumapili iliyofuata akanishinda tena. Nilikuwa nimekaa pembeni na Deo wakati alipokuwa anageuza gari taratibu aiegeshe, nikasikia magurudumu ya nyuma yanalia, yanaruka kidogo, yanalia tena.

Vijana, sikilizeni hili kwa kuwa linahusu maisha ya watu. Gari ikikata kona, gurudumu la nje lina njia ndefu kuliko la ndani. Ile ponti ya nyuma, mfupa ule unaogawa nguvu, kazi yake ni kuyaacha magurudumu mawili yatofautiane. Kuna watu huifungua ponti na kuichomelea ndani, magurudumu yakawa yanazunguka pamoja kwa lazima. Kwenye vumbi kavu, na gari tupu, ni utamu. Kwenye lami yenye maji au tope la bonde, na gari imejaa, unageuza usukani na gari inakataa, inaenda mbele. Kwa sababu hiyo Prefe aliikataza katika Kategori ya Kazi. Gari yetu ilikuwa na Jumatatu.

Nilikwenda kwa Mama Neema kabla hatujaondoka kiwanjani. Nikamwambia ponti yake inalia.

Akajibu, "Iko inalia sababu iko inazeeka, kama weye."

Wanawake wake walicheka na mimi nikacheka. Nikaenda nyumbani. Nyumbani kwangu wakati ule kulikuwa kimya tayari. Mke wangu alikuwa amefariki, watoto walikuwa wamekwenda Katanga kutafuta maisha na walipiga simu kwenye sikukuu. Siku za kazi garaji ilikuwa na kelele, Jumapili nilikuwa na Runingu. Nilijua hesabu vizuri. Nikisema, Mama Neema anapandishwa Huru, sisi tunabaki wawili, na kategori inakufa. Nikinyamaza nitashindwa kila Jumapili, na kushindwa hakukunisumbua kama nilivyofikiri. Kilichonisumbua ni mawingu yaliyokuwa yameanza kukaa juu ya milima. Mvua ilikuwa karibu. Niliwafikiria wale wanawake wanne na vitenge vyao kwenye kona za bonde.

Kwa sheria zetu, anayeruhusiwa kulalamikia gari ni mtu wa kategori ileile, na lazima aseme mbele ya watu wote baada ya mbio, kabla gari hazijaondoka. Prefe aliuliza kila Jumapili, "Kuna mwenye neno?" na kila Jumapili watu walinyamaza kwa kuwa walikuwa na njaa. Jumapili iliyofuata aliuliza tena, akitia kronometa mfukoni, na mimi nikainua mkono.

Walileta kriki, wakainua mkia wa Korola mpaka magurudumu ya nyuma yakaning'inia. Prefe aliniambia nionyeshe. Nikashika gurudumu moja, nikalizungusha kwa mkono. Ponti nzima ikiwa salama, gurudumu la pili linazunguka upande wa kinyume. La Korola lilizunguka upande uleule. Nililizungusha mara nyingine, polepole, ili nisionekane nimefanya hila. Upande uleule.

Prefe alimuuliza Mama Neema kama alikuwa anajua.

"Nilijua," akasema. "Nilichoka kuwa wa pili."

Prefe akatoa hukumu bila kupandisha sauti. Ushindi wake wa kiangazi kile ulifutwa, na gari yake tangu siku ile ni ya Huru mpaka ponti ibadilishwe. Watu walianza kutawanyika. Mama Neema alikuja mpaka nilipokuwa nimepiga magoti nikiteremsha kriki.

"Ungeniambia nyumbani kwanza," akasema.

Nikamjibu kwamba nilimwambia.

"Uliniambia ponti inalia. Haukuniambia niache."

Niliendelea kuteremsha kriki. Alipakia wanawake wake na kuondoka, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeshangilia kitu.

Jumapili iliyofuata tulifika mimi na Deo. Mama Neema hakuja. Prefe alitutazama muda mrefu, akatazama barabara, akatutazama tena. Nadhani alikuwa anaiombea gari yoyote ile itokee. Haikutokea. Tulipandishwa Huru. Karina yangu ilikimbia na viti vyake, taa zake na honi yake katikati ya mafupa yale, na tulikuwa wa mwisho, mimi na Deo. Alinipa karanga zote zilizobaki, akasema yeye haoni sababu ya kuja tena. Hakuwa na hasira. Alisema tu.

Mimi niliendelea kuja. Msiniulize kwa nini. Nilikuja Jumapili nne au tano za mwisho za kiangazi kile, nikakimbia, nikawa wa mwisho, nikarudi. Huru haikudai abiria, lakini mimi nilishika sheria yetu ya Kazi, na kupata abiria kulikuwa kugumu kuliko mbio zenyewe, maana habari ilikuwa imeenea Kasenga kwamba fundi amemwonea mjane. Wateja wa garaji walipungua. Mwanamke aliyezoea kuniletea chai asubuhi alianza kupita upande wa pili wa barabara na birika lake. Hakuna aliyenitukana. Ningependa mtu anitukane, tungekuwa na la kuzungumza.

Kisha mvua ikaanza. Wakati wa mvua fundi wa chini ya gari ana kazi nyingi, lakini mwaka ule nilikuwa nasikia mvua kwenye mabati kuliko nilivyosikia nyundo. Nilipanga na kupangua resore zangu za akiba. Nilizipaka mafuta. Nilikuwa na jozi moja nzuri sana iliyokuwa inafaa Korola, na sikuwa na Korola.

Mvua ilipokwisha, asubuhi moja nikasikia magurudumu yanalia mlangoni. Niliijua sauti kabla sijainua kichwa. Mama Neema alizima gari, akashuka, akasimama kwenye jua bila kuingia.

"Sikuja kuomba musamaha," akasema. "Nimekuja utengeneze."

Nikamwambia aingize gari. Nilipokuwa chini nikifungua, alinisimulia akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mvua ya kwanza, kwenye kona baada ya Runingu, gari ilikuwa imejaa. Aligeuza usukani na gari ikakataa. Walitoka barabarani polepole kabisa, alisema, polepole mpaka alipata nafasi ya kuwatazama wenzake wote nyusoni kwenye kioo, na wakasimama ndani ya mpunga wa mtu. Hakuna aliyeumia. Hakuna hata aliyepiga kelele. Walivua viatu, wakasukuma, wakaendelea na safari, na tangu siku ile mpaka mvua ilipokatika alikuwa anapita kila kona kwa mwendo wa mtembea kwa miguu. Wanawake wake walijua sababu. Hawakumlaumu, lakini walikuwa hawaimbi tena ndani ya gari.

"Minye nilifikiri utacheka," akasema.

Nilikuwa chini ya gari, na mafuta yananidondokea shingoni. Nilimwambia anipe ufunguo mkubwa ulio karibu na mguu wake.

Tulifanya kazi pamoja karibu wiki nzima. Nilipata ponti nzima kwenye Korola iliyokufa huko Mulongwe, tukaiweka. Alitaka kuona kila kitu. Alizungusha gurudumu yeye mwenyewe, akaangalia la pili likienda kinyume, akalizungusha tena na tena. Nikamwekea zile resore za akiba. Nikamfundisha chaki. Deo aliponiuliza baadaye kwa nini nilimpa adui yangu siri zote, nilimwambia nilikuwa nimechoka kuzijua peke yangu.

Maana tulimfuata Deo pia. Tulikwenda wote wawili nyumbani kwake, Mama Neema mbele, mimi nyuma. Tulimkuta anakula. Tukamwambia kategori inataka gari tatu. Alinawa mikono, akasema alikuwa anashangaa tumechelewa hivyo, kwa sababu gari aliiosha tangu mvua iliposimama.

Jumapili ya kwanza ya kiangazi kile sitaisahau. Prefe alizunguka Korola mara moja, akaniangalia, akauliza kama kuna mwenye neno, kabla ya mbio, kitu ambacho sheria yake mwenyewe haikusema. Nikasema hakuna. Mimi nilikimbia vizuri. Nilikimbia vizuri kuliko siku zote za maisha yangu, sikugusa pipa, mkia ulikaa ndani, nilisimama kwenye mstari nikijua muda wangu ni mzuri. Kisha akaingia Mama Neema. Nilikuwa namwangalia akitazama pipa lililo mbele ya pipa, na mikono yake inapita. Alinishinda kwa kupepesa jicho.

Alishuka, akaja mpaka dirishani kwangu. "Papa Riziki," akasema, "leo tena?"

Nilicheka mpaka Deo akaja kuuliza kuna nini. Niwaambie ukweli, vijana, kwamba kushindwa siku ile kulinipa usingizi mzuri kuliko ushindi wowote nilioupata kabla. Nilirudi nyumbani na nyumba ilikuwa kimya vilevile, lakini nilikuwa na jambo la kufikiria mpaka Jumapili.

Tulikuwa na viangazi kadhaa vizuri baada ya hapo. Sina mengi ya kusimulia juu yake. Alishinda, nikashinda, na siku moja Deo alishinda, na alishtuka vibaya akasahau kugawa karanga.

Jinsi ilivyokwisha mnajua, kwa kuwa iliisha kwa kila mtu hapa. Prefe aliugua, tukamzika, kofia ya majani iliwekwa juu ya sanduku. Baadaye mambo ya bunduki yakaja karibu, barabara ya bonde ikawa ya watu wengine, na watu wakaanza kuvuka mto kwenda upande wa Bujumbura. Deo alivuka na familia yake. Nimesikia yuko kambini upande wa pili, sijapata namba yake. Mama Neema alikuja kuniaga asubuhi, Korola imejaa vitenge, sufuria na binti yake Neema. Aliniuliza kama nitakuja. Nikasema nani atalinda zana. Alitazama zana zangu, akanitazama, akaingia kwenye gari. Aligeuza pale mbele ya garaji, taratibu, na magurudumu hayakulia.

Huko Bujumbura aliiuza Korola ili alipie nyumba. Ananipigia simu mara mojamoja, Jumapili. Anauliza mvua, anauliza miguu yangu. Mimi nauliza soko. Hatuzungumzii mapipa.

Basi mlipokuja ninyi na kuniambia mmeanza tena, huko huko bondeni, mnapima muda kwa simu zenu, nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Nilikuja kutazama. Niliona gari zote zinakimbia pamoja, na kijana mwenye gari isiyo na viti anashinda, na wale wa taksi wanaondoka mmoja mmoja kabla ya mwisho. Nikawaambia mgawe kategori, mkague gari, muweke zamu. Mmefanya. Naona taksi zimerudi. Mkiona mtu anashinda kila wiki, mwangalieni chini ya gari yake, na mkikuta kitu, mwambieni nyumbani kwanza. Mwambieni kwa maneno kamili.

Mkaniomba nilete Karina. Mnakumbuka Jumapili ile ya juzi. Niliifuta vumbi, nikaja. Taksi zote zilikuwa kama zilivyoshushwa bandarini, wale wengine wote walikuwa Huru, na katika Kategori ya Kazi nilikuwa mimi tu. Mlinong'onezana. Mlikuwa hamjaweka sheria ya gari tatu, na mkaona aibu kumrudisha mzee. Nilikimbia, niligusa pipa moja. Mkanitangaza wa kwanza. Mlipiga makofi kwa heshima, na mtoto wa jirani yangu akanishika mkono. Nawashukuru. Mlishangaa kwamba sikukaa kunywa soda.

Niliendesha mpaka pale barabara inaposogelea ziwa, nikasimamisha gari kando. Ng'ambo milima ya upande wa pili ilikuwa inaonekana vizuri, na nyumba za Bujumbura chini yake. Nikampigia Mama Neema. Nikamwambia leo nimekimbia mapipa, nimekuwa wa kwanza.

Alifurahi sana. Alimwita Neema amwambie. Kisha akarudi kwenye simu.

"Umemushinda nani?" akauliza.

Nikamwambia hakuna, nilikuwa peke yangu.

Nilisikia upande wake gari zinapita, honi, mtu anaita bei ya nyanya. Upande wangu kulikuwa na maji tu yanagonga mawe. Nilidhani amekata, nikaangalia simu, bado alikuwepo. Tulikaa hivyo, mimi ndani ya Karina na yeye sokoni, mpaka salio langu likaisha.